Gari Limeombewa, Difu Haijahesabiwa

Vijana wangu, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, maana mkono mmoja umeshika simu na mwingine unaisaidia, lakini naitikia mapema ili tusipoteze muda.

Nimefungua na kufunga difu za magari hapa Same mjini tangu nikiwa na nywele, mpaka nywele zenyewe zikaniaga. Siku hizi nimestaafu. Maana yake ni kwamba magoti yamekataa kuingia chini ya gari na mimi nimeshindwa kuyabembeleza. Nakaa nyumbani, nakula makande yasiyo na chumvi kwa amri ya daktari, na ninyi mnakuja kunionyesha picha za magari mnayotaka kununua. "Mzee, icheki hii ndinga!" Naicheki. Nyeusi, inang'aa. Mmenipigia picha taa za mbele, redio yenye kioo kikubwa kuliko dirisha la jiko langu, viti vya ngozi, na hata dalali mwenyewe kaegemea mlango na miwani ya jua. Nauliza gari litafanya kazi gani. "Kuvuta tela, mzee." Nauliza difu yake ni ngapi. Hapo kijana ananitazama kwa huruma, halafu anamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama nimekula dawa zangu.

Dawa nimekula. Sasa sikilizeni.

Difu ni lile boga la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambalo mmekuwa mkiliona maisha yenu yote mkidhani ni pambo. Kutoka kwenye gia boksi kuna chuma kirefu kinachozunguka, propela, kinakwenda kuingia kwenye lile boga. Ndani mna gia ndogo inayosukuma gia kubwa. Propela ikizunguka mara nne na kitu ndipo gurudumu lizunguke mara moja, tunasema difu hiyo ni ya nne na kitu. Gari la namna hiyo lina nguvu, haliendi kasi sana, injini yake inapiga kelele, na kwenye lami unapitwa na kila mtu mpaka mabasi ya shule. Propela ikizunguka mara tatu na kitu tu, gari linateleza kwenye lami vizuri kabisa, na dereva anajiona rubani. Mtu mwenye haraka na mtu mwenye mzigo hawanunui gari moja. Ndiyo elimu yenyewe. Ningeweza kuishia hapa, lakini najua mtanunua tu lile lenye redio.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mwidadi, mtu wa Kihurio, aliyeacha majaruba ya mpunga ya baba yake akaja mjini kwa sababu, alisema, chuma hakimpi mtu malaria. Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja. Mtu akileta gari alilonunua, amevaa shati jipya, anasubiri kusifiwa, Mwidadi hakusema hongera. Alisema, "Leteni chaki." Mwenye gari alikuwa anakunja uso papo hapo.

Kuna watu walimwonyesha kibati. Kibati kipo, sikatai. Fungua boneti, tazama ukutani kwa ndani, au kwenye nguzo ya mlango, utaona bati dogo lenye herufi na tarakimu. Mojawapo ya zile herufi ni ya difu. Usijifanye unaijua. Ipige picha, mpelekee muuza spea mwenye kitabu cha gari hilo, akusomee. Hapo ndipo simu yako inapofanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza tangu uinunue. Lakini Mwidadi alikuwa akisema, "Kibati kinakwambia gari lilivyozaliwa. Chaki inakwambia lilivyo leo." Gari lililotumika ni kama bwana harusi wa mara ya tatu, kuna mengi yamebadilishwa na hakuna atakayekutajia.

Basi chaki. Gari liwe mahali tambarare. Weka mawe makubwa kwenye magurudumu yanayobaki chini. Gia iwe huru, hendibreki itolewe. Inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, halafu weka gogo chini ya chasisi. Nasema weka gogo, kwa sababu jeki ikichoka haitoi taarifa. Chora alama ya chaki kwenye tairi lililoinuliwa na nyingine kwenye propela. Zungusha tairi mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Mara mbili, kwa sababu gurudumu la upande wa pili limekaa chini, na difu inagawa mzunguko nusu kwa nusu. Kilichohesabiwa kwenye propela ndicho namba ya difu yako. Ukitaka uhakika zaidi, zungusha tairi mara ishirini, hesabu propela, kisha gawa kwa kumi. Hata aliyefeli hesabu anaweza kugawa kwa kumi.

Ninasisitiza mara mbili kwa sababu ya Kajiru. Tulijifunza naye kwa Mwidadi, na leo ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, ananipungia mkono akiwa ndani ya gari kama waziri. Siku moja aliinua gurudumu moja, akazungusha mara moja, akamwita mwenye gari akamtangazia kwamba difu yake ni ya mbili kasoro. Gari la namna hiyo halijatengenezwa duniani, lingetaka kuruka. Mwenye gari akafurahi sana, akaenda kijiweni kujisifu ana gari la pekee Same nzima. Mwidadi aliposikia alikaa juu ya tairi akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akamtuma Kajiru aende kijiweni akakanushe mbele ya watu. Nadhani hapo ndipo Kajiru alipoanza kupenda biashara ya saruji.

Matairi nayo mnayasahau. Mtu anachukua gari lenye difu nzuri kabisa ya kazi, analivalisha matairi makubwa ya kuonekana barabarani, halafu analalamika halivuti. Tairi kubwa linakula nguvu ileile uliyoinunua kwenye difu. Unampa ng'ombe viatu vya kisigino kisha unamfunga jembe.

Sasa niwaeleze habari ya Nakijwa, maana bila yeye ningeendelea kula makande yangu kimya.

Nakijwa ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mama yake alipofariki alikuja kwangu akiwa darasa la nne, akakulia kwenye harufu ya grisi, akaolewa Mamba, na sasa ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa tangawizi huko juu milimani. Tangawizi ya Mamba mnaijua, mnaitia kwenye chai yenu bila kujiuliza ilishukaje. Ilikuwa inashuka kwa bodaboda, gunia mojamoja, na mengine yalikuwa yanafika korongoni kabla ya bodaboda kufika barabarani. Kikundi kikaamua kununua gari la foo-wili lililotumika, yaani linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, lifungwe tela, lishushe mzigo hadi tambarare, kwenye barabara ya Kihurio, wanunuzi wanaposubiri na malori. Dereva angekuwa Nakijwa mwenyewe, kwa kuwa ndiye pekee kwenye kikundi mwenye leseni ya kweli.

Mimi sikuambiwa. Katibu wa kikundi, Mzee Elieza, alisema mjomba wa mwenyekiti akihusishwa na ununuzi, kesho itazuka kesi kwamba ni gari la ukoo. Na sisi Wapare tunajulikana, mtu anaweza kuuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Kwa hiyo, ili kuepuka kesi, walimwepuka fundi. Akili kubwa sana hiyo.

Walishuka Same wajumbe watatu na Nakijwa. Dalali akawapokea kwa soda. Akawaambia gari lilikuwa la mama mmoja mzee aliyekuwa akilitumia kwenda kanisani tu. Vijana, nimefanya kazi hii miaka mingi, na kwa hesabu za madalali, akina mama wazee wanaokwenda kanisani kwa magari ya foo-wili nchi hii ni wengi kuliko makanisa. Wajumbe wakafurahi kusikia neno kanisa. Kisha wakalijaribu gari kwa namna ambayo watu wa milimani tu ndio wangelijaribu: wakalifungia tela tupu, wakapanda nalo hadi Mamba.

Kwetu gari linapimwa kwa kupanda. Likipanda, limefaulu, watu wanapiga makofi barabarani, akina mama wanapiga vigelegele. Tangu magari ya kwanza yaje huku, sifa ya gari ni kupanda. Na lile gari lilipanda vizuri sana. Hakuna hata mmoja, kuanzia katibu hadi wapiga vigelegele, aliyejiuliza swali dogo: mzigo uko wapi? Tangawizi haipandi mlima, jamani. Iko juu tayari. Kwetu tela linapanda tupu na linashuka limejaa, na gari linalotakiwa ni lile linaloweza kuzuia, injini ikishika mzigo ili breki zisiungue. Unapokuwa kwenye mteremko wa kona kumi na gia namba mbili, difu ndiyo inayoamua kama injini itamshikilia huyo mnyama wa nyuma au itamwachia akusukume. Difu ya mbio inaachia. Unabaki na breki peke yake, na breki zikianza kunuka, muda wako wa kusali umekuwa mfupi.

Taarifa ya kwanza kunifikia ilikuwa ni mwaliko wa ibada. Gari litaombewa Jumapili, mjomba karibu sana.

Nikapanda bodaboda na magoti yangu. Ibada ikaisha, tukatoka nje. Mnada ukafanyika kama kawaida, mayai, mkungu wa ndizi, jogoo mmoja aliyenunuliwa na kurudishwa na kununuliwa tena mpaka akachoka mwenyewe. Kisha gari likaletwa mbele, limefungwa utepe mwekundu. Mchungaji akaweka mkono kwenye boneti akaliombea lenyewe, dereva wake, na mizigo litakayobeba. Nikasema amina kwa sauti kubwa, mimi si mpagani. Halafu nikamvuta Nakijwa pembeni.

"Linakwendaje?"

"Mjomba, linapanda utadhani swala."

"Na foo-wili yake?"

"Dalali alisema tusiiguse, inakula mafuta. Tuitumie siku ya tope kubwa tu."

Dalali anayejali mafuta yako ni sawa na fisi anayekuulizia mbuzi wako amelala wapi. Nikaomba chaki. Ikaletwa kutoka darasa la watoto wa Jumapili.

Mzee Elieza akaja amekunja uso. "Fundi, kazi siku ya Bwana?"

"Sifanyi kazi, Mzee Elieza. Nahesabu tu. Hata sadaka si mmehesabu sasa hivi?"

Magoti yangu hayakuniruhusu kuinama, na vijana wote walikuwa wamevaa suruali zao nyeupe za kwaya. Nakijwa alifunga kitenge chake vizuri, akapiga jeki, akaweka mawe na gogo bila kukumbushwa, akatandika mkeka, akalala ubavu kando ya gari na jicho kwenye propela. Mimi nikawa nazungusha tairi nimesimama. Waumini wakatuzunguka. Tukazungusha tairi mara ishirini, propela ikajibu thelathini na saba. Tatu nukta saba. Tukahamia mbele. Mara ishirini tena, na safari hii alihesabu kwa sauti inayozidi kupungua: "Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu." Nne nukta tatu. Nikafungua boneti, nikasoma kibati, kikakubaliana na mbele.

Akatoka pale chini na vumbi kwenye shavu. Alikulia kwangu, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumweleza. Niliwaeleza wengine. Gari hili lilizaliwa na difu mbili pacha za nne nukta tatu, safi kabisa kwa tela. Mtu mmoja huko nyuma, pengine yule mama mzee katika haraka zake za kuwahi ibada, alitoa ya nyuma akaweka ya mbio. Kwa hiyo miguu ya nyuma inataka kukimbia na ya mbele inataka kutembea. Kwenye foo-wili zitavutana mpaka kitu kimoja kikatike, ndiyo maana mmekatazwa kuigusa. Na bila foo-wili huwezi kupata ile gia nzito ya kushukia. Mtashuka na difu ya nyuma peke yake, na hiyo haishiki mzigo.

Kamati ikakaa palepale kwenye baraza ya kanisa. Simu ya dalali ilikuwa haipatikani, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu isipokuwa mimi.

"Hili gari limeshaombewa," alisema Mzee Elieza. "Limeombewa mbele ya watu. Leo hii tuseme halifai? Tutamweleza nini Mungu?"

"Mweleze ni tatu nukta saba," nilisema.

"Fundi, heshima. Tangawizi imeshachimbwa na kuoshwa. Mnunuzi anakuja Jumatano. Kupanda limepanda, sote tumeona. Kushuka hata jiwe linashuka."

Watu wakacheka, wengine wakaitikia. Nilimwona Nakijwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amesaini yeye kama mwenyekiti. Mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile, na walikuwepo wazee waliokuwa wakisubiri kwa hamu akosee ili waseme tulijua. Akikataa gari, amekosea kununua. Akikubali, Jumatano ataketi nyuma ya usukani ule na tela la magunia likimsukuma kwenye kona zile, na mimi nitakuwa Same nikisubiri simu. Niliogopa. Siwafichi. Mtoto wa dada yangu angeshuka mlima na gari la vigelegele kwa sababu wanaume wazima wanaona haya kulirudisha.

Nakijwa akasimama.

"Haya. Jumatano tunashuka," alisema. "Ila tangawizi ni mali ya wakulima, na wazee wangu mmenifundisha mali ya watu haichezewi. Tuanze na majaribio leo. Tela tusilijaze magunia, tulijaze kamati. Uzito hautapishana sana. Nitaendesha mimi mwenyewe, sina wasiwasi, limeombewa. Karibuni mpande."

Akafungua mlango wa nyuma wa tela, akasimama pembeni na adabu zote, mkono mmoja umemshikilia Mzee Elieza kiwiko ili amsaidie kukanyaga.

Vijana, mimi nimeona miujiza. Mzee Elieza, ambaye asubuhi aliimba pambio akirukaruka, alipatwa na mgongo palepale. Mhasibu akakumbuka ng'ombe wake hajanyweshwa. Mjumbe wa tatu akasema yeye yuko tayari kabisa, hana shaka, isipokuwa inabidi kwanza amwulize mke wake, na mke wake, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, akasema, "Sikukatazi, panda." Akaanza kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Wote wakamgeukia mchungaji.

Mchungaji alikuwa mtu mwelewa. Akasema, "Mimi nimeombea safari njema. Meno ya difu ni kazi ya mafundi, na fundi huyu naye Mungu ndiye aliyemleta, kwa bodaboda." Kisha akaingia ofisini kwake kabla hajaalikwa kupanda.

Halafu Mzee Elieza akakohoa, akasema, "Basi difu ibadilishwe. Lakini iandikwe kwenye muhtasari kwamba ni pendekezo la katibu."

Ikaandikwa. Nilimsaidia kuandika neno "difu".

Jumatano ile tangawizi ilishuka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Mmeshazoea kuitwa msaragambo kusafisha mifereji na kutengeneza barabara. Safari hii watu waliitwa kwa ajili ya tatu nukta saba. Vichwani, migongoni, kwa bodaboda, kwa punda wawili wa kukodi. Mzee Elieza alibeba pia, na mgongo ule uliomsumbua Jumapili ulikuwa umepona.

Mimi nikaanza kutafuta difu. Nilizunguka kwa wauza spea nikaambiwa itaagizwa, neno ambalo kwa wauza spea lina maana ya hapana yenye matumaini. Mwishowe nikaelekezwa Ngujini, kwa mzee mmoja mwenye gari kama lile lililokufa injini zamani na sasa lilikuwa banda la kuku. Nikaenda. Kuku walikuwa wamekalia viti vya mbele, na mmoja alikuwa akiatamia pale kwenye usukani, ananitazama kana kwamba nimevuka taa nyekundu. Mwenyewe alishauriana kwanza na mkewe kwa Kigweno, kirefu, wakinitazama. Kisha akakubali tubadilishane kwa magunia ya tangawizi, kwa sharti kwamba nisiinue gari upande wa yule kuku mwenye mayai. Nikakubali. Difu haikujali inatolewa kutoka upande gani. Nikaomba chaki palepale, kwa sababu kibati kilikuwa kimefunikwa na mavi ya kuku, na hata kingekuwa kisafi nisingekiamini. Mimi nikazungusha tairi, kijana wa pale akalala chini kuhesabu: mara ishirini, arobaini na tatu. Akanimwagia oili yake kwenye kopo, nikaipitisha vidoleni. Kumbukeni hili mnaponunua difu yoyote: oili ikiwa nyeusi si kitu, ila ikiwa na vichembe vinavyong'aa, hayo ni meno yanayosagika, iacheni hapohapo. Hii ilikuwa nyeusi tupu.

Tukaifunga Mamba, nyumbani kwa Nakijwa. Nasema tukaifunga. Yeye alikuwa chini, mimi nilikuwa kwenye kiti nikitoa amri na kunywa chai. Tukahesabu nyuma, tukahesabu mbele, zikalingana. Tukaingiza foo-wili, likatembea uwanjani bila kuvutana. Nilimwambia gari liko sawa. Nilisema kwa sauti, mbele ya kamati yote, na kwa majivuno kidogo, nikiri.

Asubuhi iliyofuata tela lilikuwa limejaa magunia hadi ukingoni. Nakijwa alifunga turubai, akavuta kamba mara mbili, akanigeukia.

"Mjomba, liko sawa?"

"Nimeshasema liko sawa."

"Basi panda."

Nikaenda kufungua mlango wa mbele. Akatikisa kichwa. Akaonyesha nyuma, juu ya magunia.

Kamati nzima ilikuwepo. Mzee Elieza alikuja kwa haraka ambayo sijawahi kumwona nayo, akanipa bega nipandie. Askari wa usalama barabarani kama yupo anayesoma hapa, aruke aya hii. Nilipanda. Magoti yalilia, lakini ningesema nini? Mgongo unauma? Huo ulikuwa umeshatumika.

Tulishuka. Kona ya kwanza nilifumba macho, nikasali sala zote ninazozijua, ya chakula ikiwemo. Halafu nikaisikia injini. Ilikuwa inaguna kwa sauti nzito, imeshika, tela linasukuma na gari linakataa. Nilinusa hewa nikitafuta harufu ya breki, nikapata harufu ya migomba na umande. Taa nyekundu za nyuma ziliwaka mara mojamoja tu kwenye kona kali, zikazimika. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, mikono yote miwili kwenye usukani, mdomo umefungwa kabisa, uso wa mama yake kama ulivyokuwa. Kona zikaisha moja baada ya nyingine. Chini joto likatupokea, barabara ikanyooka, malori yakaonekana.

Akasimamisha gari, akashuka, hakuja kwangu. Alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akaweka kiganja kwenye dramu ya breki, akakiacha pale. Kama breki zingeungua angekitoa kwa kilio. Hakukitoa. Kisha akaja kunishusha, nikamwekea mkono begani. Machozi yalikuwa yananitoka hadharani, mbele ya wanunuzi.

"Mjomba, vipi?"

"Vumbi," nilisema. "Vumbi la tangawizi."

Akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. "Tangawizi hii tumeiosha jana, mjomba."